Msichana Mlinda Maji

Juzi nimekaa barazani kwangu hapa Masasi napepeta mchele, nikamsikia binti yangu huko ndani akifoka peke yake: "We dada we, kwa nini umemtaja?" Nikadhani anagombana na mtu kwenye simu, kumbe anagombana na msichana wa kitabuni. Rika lake wanavipenda hivyo vitabu vya miji ya ajabu na watawala makatili, ambamo binti wa miaka kumi na tano hubebeshwa uamuzi unaowashinda watu wazima. Nikacheka. Halafu kicheko kikaniishia, maana, ndugu yangu, huyo msichana mimi namjua tangu Newala.

Nililelewa na bibi, kijiji cha jirani na Chilangala. Jumamosi za msimu wa korosho tulikusanyika uani kwa mwalimu wetu, tunabangua korosho za kula, viganja tumevipaka jivu ili mafuta ya maganda yasituunguze, moshi wa maganda unatutoa machozi. Mwalimu alikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza, akitufasiria palepale. Kilihusu mji uliozungushiwa ukuta, ambako maji yalipimwa kwa kikombe. Msichana mmoja alikabidhiwa ufunguo wa tangi, na siku moja akamfuma shangazi yake akichota kwa siri. Sheria ilisema mwizi wa maji atupwe nje ya ukuta. Amtaje shangazi, au anyamaze?

Mwalimu akafunga kitabu hapohapo. Loh, kelele tulizopiga! Sisi watoto wa juu mlimani, ambako kisima ni shimo la saruji linalokinga mvua ya paa, shida ya maji tuliijua. Wenzangu wote wakasema anyamaze, shangazi ni damu yake. Mimi na kiherehere changu nikasimama: "Amtaje! Ukweli ni ukweli." Mwalimu akanisifu, nikarudi nyumbani kichwa juu.

Na ufunguo nilikuwa nao kweli. Bibi alikuwa anasumbuliwa na miguu, kwa hiyo kufuli la kisima chetu alikuwa ameniachia mimi. Wiki ileile, bibi akiwa shambani, jirani yetu akaja. Alikuwa amejifungua wiki mbili tu, na mumewe alikuwa mbali kwenye vibarua. "Mwanangu, nigawie hata ndoo moja nifue nguo za mtoto. Usimwambie bibi, eh?" Nikamfungulia, nikamtekea ndoo mbili.

Jioni bibi akachovya mti wake wa kupimia maji. "Nani kachota?" Sauti ilikuwa kali. Mvua bado zilikuwa mbali, na kisima kikikauka ni mimi ambaye ningeteremka bondeni kila siku. Nikajibu, "Jirani." Ukweli ni ukweli, siyo? Ila aliyefungua sikumtaja.

Bibi akanishika mkono hadi kwa jirani. "Kisima changu umekifunguaje?" Jirani akanitazama kidogo tu. Akasema, "Nilikikuta wazi, bibi. Nisamehe." Nilitakiwa kusema neno moja tu, na sikulisema.

Kesho yake, arobaini yake haijafika hata nusu, alipanda kutoka bondeni, mtoto mgongoni, ndoo kichwani, akamimina kisimani kwetu. Akateremka tena. Ndoo ya pili bibi aliipokea analia: "Basi, mwanangu, yatosha, usinitie dhambini." Mimi nilikuwa jikoni natwanga kisamvu, nikaongeza kishindo ili nionekane sijui kinachoendelea. Nilijiona mbaya, jamani, mbaya kabisa.

Jumamosi mwalimu akamalizia hadithi. Yule msichana alimtaja shangazi yake mbele ya wakubwa wa mji. Kisha, lango lilipofunguliwa, akaweka ufunguo chini, akatoka pamoja naye. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nililia hadi kwikwi, na mwalimu akasema nina moyo wa huruma.

Siku hizi bomba limefika kijijini kwetu, na vile visima vingi vimefukiwa. Mwalimu amestaafu, na watoto hawakusanyiki tena uani kwake na majivu viganjani. Bibi tulimzika bila mimi kumwambia ukweli. Jirani alihamia Nanganga, akafia huko wakati mimi bado napanga siku ya kwenda kumwomba radhi. Kile kichanga cha mgongoni sasa ni fundi cherehani hapa sokoni Masasi. Nikipita huacha kushona, akainuka. "Shikamoo, dada. Marehemu mama hakukusahau. Alisema alipokuwa hana maji, wewe ndiye uliyemtekea."

Mimi huitikia marahaba. Yaliyobaki sijawahi kumweleza.