Uso wa Bwana Sanda

Fundi sofa huyu hajawahi kuhitaji kibao cha biashara. Ana urefu wa mlingoti, mashavu yaliyobonyea, na macho yaliyozama ndani kabisa, kama watu wawili wanaokwepa kodi ya nyumba. Ukifika mtaani ukauliza fundi wa makochi, utajibiwa kwa swali: "Nani, Bwana Sanda?"

Jina hilo alilipata ujanani. Mpiga picha za harusi mmoja, mwenye kamera ya kuazima na ndoto ya kutengeneza filamu, alimwona amebeba kochi kichwani, akasema sura ile ni dhambi kuiacha ipotee bure. Wakampaka unga wa ngano usoni, wakamviringisha shuka jeupe, akafufuka kaburini taratibu, mkono mmoja mbele, kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Filamu yenyewe ilikuwa kichekesho. Kuna mahali maiti anaonekana amevaa saa. Hata hivyo watu walijazana kwenye vibanda vya video, wakapiga mayowe, na kesho yake wakarudi kupiga mengine.

Mpiga picha alishakufa, vibanda vikafungwa, Bwana Sanda akabaki. Kinyozi amemchora ukutani akiwa na mkato mpya wa nywele. Kwenye simu amekuwa stika: mtu akiamka hoi, anamtuma yeye. Wapo hata vijana wanaokutana Jumapili kutazama filamu za kutisha za zamani, wanaojua makosa ya filamu ile kwa moyo, saa ikiwemo. Wakimwalika huenda, hutembea ule mwendo wake, hupigiwa makofi. Marehemu mkewe alizoea kumtania: "Wenzako wanaacha nyumba, mume wangu. Wewe utaacha stika." Naye alicheka. Hakuona ubaya wowote.

Ubaya ulikuja na begi la nguo. Binti yake, muuzaji wa duka la dawa, alirudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, akiwa na msichana wa miaka minne ambaye babu yake alikuwa hajamtia machoni. Fundi alijikung'uta sponji, akapiga magoti mlangoni, akafungua mikono.

Mtoto alimtazama, akajikojolea.

"Nimekula, mama!" alilia, amejificha nyuma ya sketi. "Nimekula chote!"

Binti alimwinua mtoto. "Ni yule dada wa kazi, baba. Mtoto alikuwa hataki kula. Akimwonyesha ile stika yako, anameza. Mbona kila nyumba wanafanya hivyo?"

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Nikaona, ah, si ni baba tu. Nani wa kumwogopa baba?"

Tangu siku hiyo fundi alihamia karakana yake iliyo ubavuni mwa nyumba, akala huko, akalala huko, kwenye mlango wa kuingilia nyumbani likining'inia pazia la kitambaa cha makochi. Asubuhi moja alikuwa akigombana na msumari. "We nawe, umetumwa?" Kicheko kidogo kikapenya upande wa pili.

"Unaongea na nani?"

"Na msumari, mjukuu wangu. Kichwa kigumu kama mama yako."

"Wewe nani?"

"Babu yako."

Mtoto akaleta kigoda chake kwenye pazia. Kesho akakileta tena. Fundi alimshonea mwanasesere, akampitishia chini ya pazia kwa rula, vidole vyake virefu visionekane.

"Babu, Bwana Sanda yuko huko?"

"Hayupo. Nilimfukuza."

"Ulimpiga?"

"Kwa nyundo. Amekimbia hata viatu kaacha."

"Babu, wewe ni mnene?"

"Mnene kama pipa," alisema Bwana Sanda.

Binti alianza kumsukuma. "Toka basi, baba. Ameshakuzoea."

"Amezoea sauti."

"Sauti si yako?"

Hakutoka. Lakini mchana mmoja mtoto mwenyewe aliita, "Babu, njoo tule wote," na mwaliko huo hakuwa na ubavu wa kuukataa. Alivaa kofia na miwani ya kazi. Akalivuta pazia huku akisema bila kupumzika, ili sauti itangulie: "Ni mimi, mjukuu wangu, ni babu, babu wa msumari, yule yule..."

Mtoto hakulia. Aliutazama mdomo ule ukitoa sauti ile, akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

"Umemmeza babu," alisema.

"Hapana, mama, mimi ndiye..."

"Mtoe! Namsikia! Mtoe!"

Kila neno alilojitetea nalo lilikuwa ushahidi mwingine, kwa kuwa lilitokea tumboni. Akanyamaza, akarudi alikotoka.

Kigoda hakikuja tena kwenye pazia. Chakula nacho kikamshinda mtoto, safari hii si kwa ukaidi. Alikuwa na msiba. Mama yake alileta dawa za hamu ya kula kutoka dukani, akajaribu moja baada ya nyingine. Alimpeleka kupimwa uzito, na muuguzi akatazama mizani, kisha akamtazama yeye. Waliporudi, alikwenda karakana, kijiko mkononi, macho chini.

"Baba."

"Sema."

"Simama pale mlangoni kidogo. Usiseme kitu. Simama tu."

Fundi aliweka nyundo chini. "Unajua unaniomba nini?"

"Najua. Mtoto anakwisha, baba."

Akaenda, akasimama. Mtoto alimwona, akafungua mdomo. Akala upesi upesi, machozi yakimdondokea sahanini, mpaka sahani ikawa nyeupe. Binti alimfuta midomo kwa kiganja, bila kugeuka.

"Na jioni, baba," alisema. "Akikataa tena."

Fundi aliitikia kwa kichwa, kusema hakuruhusiwa.