Aliyenifundisha Kuitika Mahakamani

Simu ilitoka Louisville Jumatatu asubuhi, nikiwa nakwangua theluji kwenye kioo cha gari hapa Buffalo. Alikuwa binti mkubwa wa mama mmoja tuliyesali naye zamani. Kwa kawaida binti huyo hunijibu kwa Kiingereza hata nikimsalimia kwa Kiswahili, lakini siku hiyo alianza yeye, tena kwa Kiswahili kitupu, nami nikajua ni msiba kabla hajafika mwisho wa sentensi. "Ankol, mama ametuacha." Niliketi kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, nikauliza yale ambayo kila mtu huuliza: lini, saa ngapi, alikuwa na nani. Alirudi kutoka ibadani Jumapili, akajilaza kidogo mchana, hakuamka. Moyo ulikuwa umemsumbua tangu mwaka jana na yeye alikuwa akificha, maana ndivyo alivyokuwa. Wasomaji wangu, mmenivumilia miaka mingi nikijisifu katika safu hii. Leo namsifu mtu mwingine, na siwezi kumsifu sawasawa bila kukiri jambo ambalo sijawahi kuwaambia: mimi niliwahi kupelekwa mahakamani.

Marehemu alikuwa Mkongo wa Uvira. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, na tulikutana Columbus, katika kanisa letu la upande wa Clintonville ambako tulipewa jengo kila alasiri ya Jumapili, baada ya wenyeji kumaliza ibada yao. Jioni alifanya kazi katika ghala moja, akipakia viatu kwenye maboksi. Asubuhi mbili kila wiki, badala ya kulala kama watu wenye akili timamu, alikwenda mahakama ya kaunti na kuketi benchi la nyuma, mkoba mapajani. Hakuwa wakili wala mkalimani. Hakuna aliyemtuma. Askari wa mlangoni alimzoea hata akawa anamwambia tu aonje chai ya flaski yake mbele yake, kisha apite. Alichokuwa akifanya mle ndani kilikuwa kidogo sana ukikitazama kwa mbali: alihakikisha kwamba mtu wetu yeyote mwenye kesi amefika, ameketi, na jina lake likisomwa anaitika. Mimi nilidhani ni upweke wa mjane asiye na shughuli. Nilimwambia hivyo mke wangu kwa mdomo huu huu.

Kisha baba yangu akafariki Burundi. Sikuweza kwenda kumzika, kwa hiyo tulimlilia Columbus, kwangu, siku saba, kama inavyopasa. Mnajua msiba wetu unavyokuwa. Viatu vilijaa kwenye korido hadi mlango wa jirani, magodoro yalitandazwa sebuleni, magari yalichukua nafasi zote za kuegesha, na kila jioni ziliimbwa tenzi ambazo hata waliokuwa wamelala ghorofa ya juu walizijua kwa moyo kufikia siku ya nne. Jirani hakuwa na ubaya. Alihesabu vichwa, akaona mkataba unasema sisi ni watu sita, akapiga simu ofisini. Meneja wa nyumba akaja na kuona magodoro. Siku chache baadaye, wakati akina mama wakimenya ndizi jikoni, mtu wa mahakama aligonga mlango na kuniachia karatasi. Mwenye nyumba alikuwa amefungua kesi ya madai: anataka nitoke, mimi na mke wangu na watoto wanne, mapacha wakiwa bado hawajaanza shule.

Nilifanya ambacho baba yangu angefanya. Nilichukua wazee wawili wa kanisa, wakavaa makoti, tukaenda ofisini kwa meneja na sambusa za mke wangu. Mzee mmoja akaeleza kwamba mtu akifiwa kwetu haachwi peke yake. Meneja alisikiliza kwa heshima, akasema naye alimzika mama yake mwaka uliotangulia na hakuna hata jirani aliyebisha hodi. Machozi yalimlengalenga. Akala sambusa tatu, akatupa mkono sote watatu, akasema jambo limekwisha. Tulitoka pale tukiwa warefu kwa fahari. Ile karatasi yenye tarehe ya kusikilizwa niliikunja nikaiweka kwenye droo, na Jumapili nikasimama kanisani kutoa ushuhuda.

Ibada ilipokwisha, mama yule wa benchi la nyuma alinisubiri mlangoni. Alikuwa ananiita Papa Mapasa, kwa sababu ya mapacha wangu.

"Papa Mapasa, bon, mulipatana. Ile tarehe ya tribunal iko siku gani?"

"Jumatano, Mama. Lakini mambo yamekwisha."

"Meneja aliandika papier?"

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba mtu aliyelia mbele yako na kukupa mkono humwombi karatasi, hiyo ni kumtukana. Na kwenda mahakamani baada ya kupatana ni kumwambia wazi kwamba humwamini. Nilisema kwa sauti kidogo, na baadhi ya watu wakageuka. Yeye akanisikiliza mpaka nikamaliza, akarekebisha kitenge chake. "Jumatano saa moja na nusu nitakuwa ku mulango yako," akasema. "Vaa muzuri."

Jumatano alifika saa moja na robo. Mke wangu ndiye aliyenitoa nje. Ndani ya gari nilinuna kama mtoto, na alipoona siongei, akaniambia habari yake mwenyewe, macho barabarani.

"Mimi pia nilipatana na mwenye nyumba, mwaka ya kwanza. Alisema watoto banapiga kelele. Nilimupikia sombe, ile majani ya muhogo, na samaki, alikula, alicheka, tukapiga na picha. Siku ya tribunal nilibakia ku nyumba, nafua manguo. Nikasema, nikienda, ataona namurudishia palabre, ugomvi tena. Kiisha siku kumi, bakakuya kutoa bintu byangu inje. Kitanda ya batoto, ku majani. Na ye mwenyewe alikuwa pale, Papa Mapasa. Unajua aliniuliza nini? 'Mama, kwa nini haukukuya ku tribunal?'"

Nikauliza alimjibu nini.

"Nilimujibu nini? Sikukuwa na Kiingereza ya kumujibu."

Chumba kile cha mahakama mnakijua ninyi mliokwisha kufika, na msiokijua nawaombea. Watu wamekaa kama kliniki. Mbele kulikuwa na wakili mmoja kijana aliyebeba mafaili ya wenye nyumba wa asubuhi nzima, karani anayesoma majina, na hakimu mwanamke mwenye miwani. Jina linasomwa, kimya. Linasomwa tena, kimya. Wakili anasema maneno mawili, hakimu anasaini, na familia ambayo pengine wakati huo inakunywa chai nyumbani imepoteza nyumba yake. Yalipita majina matano namna hiyo. Mawili kati yake yalikuwa majina ya kwetu, ya Kirundi kabisa, na nilimwona mama yule akiinamisha kichwa kila moja lilipopita. Hapo ndipo hasira yangu ya asubuhi iliponitoka, na mahali pake pakaingia woga.

Jina langu likasomwa. Nikaitika, nikasimama. Sasa mimi, mnavyonijua, nilikuwa nimeandaa hotuba. Kurasa mbili, kwa Kiingereza safi, kuhusu kifo na ujirani katika nchi za Maziwa Makuu. Nilipofika sentensi ya pili hakimu aliinua kiganja. "Bwana, mmekubaliana na mwenye nyumba au hamkukubaliana?" Nikageuka nyuma. Mama yule alikuwa amenifundisha kwenye ngazi maneno ya kusema, akirudia kama anayemfundisha mtoto sala: "Sema: niko. Tulipatana. Bamuulize. Basi, unyamaze." Nikakunja hotuba yangu. Nikasema tulipatana, naomba aulizwe.

Wakili alitoka kwenda koridoni na simu. Hakuwa amesikia lolote kuhusu wazee, machozi wala sambusa. Faili lake lilisema watu thelathini wanaishi nyumba ya watu sita. Alirudi uso umebadilika kidogo. Meneja amekiri, akasema, ni kweli walipatana. Alisahau tu kumwarifu. Alisahau! Nyumba ya watoto wangu ilikuwa imeningʼinia kwenye usahaulifu wa mtu mwema. Kesi ikaondolewa. Nilitaka kukimbia nje nikapumue, lakini mama yule alinishika mkono wa koti mbele ya dirisha la karani na kukataa kusogea mpaka nipewe nakala. Akaitazama mbele na nyuma. "Cachet iko wapi?" Karani, ambaye nadhani walikuwa wamekwisha kukutana mara nyingi, aligonga muhuri huku akitabasamu.

Tangu siku ile nimeliwaza sana kosa langu, na sioni kwamba ni ujinga. Kambini tulikokulia, mbuzi wa mtu akila mihogo ya jirani, kiongozi wa kijiji aliwaita wote wawili, wakasemezana, wakala sahani moja, na aliyethubutu kulitaja jambo lile tena alitozwa faini. Kupatana ndiko kulikuwa mwisho. Hapakuwa na mahali pengine ambapo ugomvi uliendelea kuishi baada ya watu kupeana mikono. Ndiyo maana watu wetu wanaopoteza kesi hizi si wakorofi wala wakwepa sheria. Wengi ni wapole, wale wanaowahi kuomba radhi, wanaobaki nyumbani siku ya kesi kwa adabu, wakiona aibu kumbughudhi mtu waliyekwisha kumsamehe. Adabu hiyo naipenda na sitaki tuipoteze. Ila nchi hii ina mtu wa tatu katika kila kesi, naye hakuwa sebuleni mlipokula. Hana chuki nanyi. Anasoma faili, anaita jina, anaandika alichokiona.

Mama yule alijua haya yote bila safu ya gazeti. Na aliniomba kitu kimoja tu. "Papa Mapasa, we njo unaandikaka. Andika ile mambo, batu basome." Nilisema nitaandika. Nikahamia Buffalo, yeye akamfuata binti yake Louisville, na kila tulipozungumza kwa simu aliniuliza, nami kila mara nilikuwa na mada nyingine. Nimewaandikia kuhusu theluji, kuhusu watoto wanaotujibu kwa Kiingereza, kuhusu wanafunzi wa chuo cha hapa jirani, Amherst, na magari yao mabovu. Sababu ya kweli ilikuwa aibu. Sikutaka mjue kwamba mwandishi wenu alisimama mbele ya hakimu kwa sababu ya nyumba.

Mwaka jana msomaji mmoja wa hapa Buffalo, Mrundi mwenzangu anayefanya kazi kiwandani, alipatana na mwenye nyumba wake mbele ya mchungaji, wakaomba pamoja, na siku ya kesi akaenda kazini. Nilimkuta yeye na mkewe na watoto katika chumba kimoja kwa shemeji yake. Aliponieleza, nilijikuta nikitikisa kichwa kabla hajamaliza, na akaliona hilo. "Mzee, kumbe jambo hili ulikuwa unalijua?" Nikasema ndiyo. Hakunipandishia sauti. "Basi ungetuambia," akasema, akaniongeza chai. Nilimpigia simu mama yule jioni ile na kukiri. Hakunigombeza. "Bon. Andika sasa." Nikaahidi, na mkaendelea kusoma mambo mengine.

Tulimzika Louisville Jumamosi iliyopita. Zamu ya kusema neno ilipofika kwangu, niliwaambia waombolezaji haya niliyowaandikia, yote, pamoja na hotuba ya kurasa mbili, na walicheka mahali pa kucheka. Nilipoketi, shemasi mmoja aliyekuwa amesimama karibu na jiko alinivuta kando. Alitoa katika mfuko wa ndani wa koti karatasi iliyokunjwa mara nne. Kesi yake ilikuwa Alhamisi, katika mahakama ya kaunti ya pale pale. "Lakini sisi tulishapatana," akaninongʼoneza, "na mwenye nyumba ni mtu mzuri sana." Nilimpigia mke wangu nikamwambia sirudi Buffalo mpaka Alhamisi ipite.

Kwa hiyo safu hii naiandikia kwenye benchi la nyuma la mahakama ya Louisville, karatasi juu ya goti, shemasi yuko mabenchi mawili mbele yangu, amevaa tai. Ndugu msomaji, ukikosana na mtu, mwendee, kula naye, mpe mkono kwa moyo wote. Kisha siku ya kesi ikifika nenda, ukaitike kwa sauti. Mama yule alistahili kuyasoma haya kabla hajafa, na mimi ndiye niliyemchelewesha. Karani ameanza kuita majina. Shemasi amesimama.