Kitana cha Kufuli

Shemeji yangu alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Kufuli kwa sababu mbili: kazi yake na mdomo wake. Alitengeneza makabati na meza zenye droo za siri, na nadhani maneno yake aliyafungia humo humo. Ukimsalimia, anaitikia kwa kichwa. Kabla dada yangu hajaolewa naye nilimwambia, "Huyu utaishi naye kama unaishi na ukuta." Akacheka. "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika," akanijibu. Hakumjua Kufuli.

Kazi aliijua, siwezi kumnyima haki yake. Mbao mbili akiziunganisha, huoni kiungo hata utafute kwa ukucha. Droo zake zilifunguka kwa kubonyeza mahali fulani, ukingoni au mguuni, na mteja hakuambiwa ni wapi. "Mwenye meza atapapasa mwenyewe," alisema, na hiyo kwake ilikuwa hotuba. Wateja walirudi karakana wakicheka kama watoto, kila mmoja na hadithi ya jinsi alivyoipata yake.

Walipooana alimtengenezea dada meza ya kioo, ya kukalia na kuchana nywele. Dada alikuwa na nywele nyingi, akizifungua zinafunika mabega. Aliipenda ile meza kupita kiasi. Akafuma kitambaa cheupe, akakitandika juu, pindo zikining'inia ukingoni, na ole wake atakayeweka kikombe pale. Kufuli alisimama mlangoni, akakitazama kile kitambaa, akarudi kwenye randa yake. Tangu hapo akazidi kunyamaza.

Miaka ikapita hivyo. Hakumpiga, hakumnyima kitu, hakumwambia neno.

"Mdogo wangu, sijui kama ananipenda," dada alikuwa akinilalamikia jikoni. "Ningesikia mara moja tu, ningetulia."

Nilikuwa nachemka. Mara ngapi nilitaka kwenda karakana nimfungue huo mdomo kwa patasi yake mwenyewe!

Kisha dada akaugua. Dawa za hospitali zilimpukutisha nywele zote, akabaki ngozi na mifupa. Siku moja mchana, mumewe ameketi pembeni ya kitanda, dada aliniomba nikitoe kile kitambaa nikakifue, maana hakutaka kuacha nyumba chafu. Nikakitoa. Kufuli akauona ukingo wa meza uko wazi.

Akainuka, akaivuta meza mpaka kitandani. Akaushika mkono wa mkewe, akauweka chini ya ukingo.

"Bonyeza."

Droo nyembamba ikachomoka. Ndani mlikuwa na kitana cha mpingo, amekichonga mwenyewe, kina maua madogo mgongoni.

"Kimo humo tangu harusi yetu," alisema. "Ulipotandika kitambaa nilidhani umekiona, hukukipenda, ukaamua kufunika."

"Jamani, mume wangu," dada akasema. "Mimi nilikuwa naitunza meza yako."

Sijawahi kuwa na hasira kama siku ile, na sikuwa na wa kumrushia. Mwanamume mzima alikuwa analia mbele yangu.

Dada alikigeuzageuza kile kitana, kisha akavua kilemba. "Haya, nichane."

Kufuli akakipitisha juu ya kichwa kile kitupu, taratibu, kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni.

"Polepole, bwana," dada akamtania, macho ameyafumba. "Usije ukaning'oa nywele."

Kufuli akacheka, kisha akaanza kusema. Alisema siku aliyomwona mara ya kwanza alivaa nini. Alisema jinsi alivyokuwa akimsikia akiimba uani, akisimamisha msumeno ili asikie vizuri. Alisema anampenda, akarudia, huku akichana. Mimi nilikuwa upande wa miguu, na mimi ndiye niliyeona kwamba kifua cha dada hakipandi tena. Sikumkatiza.