Nati ya Kinyume

Kwa miaka thelathini, fundi waliyembandika jina la Spana aliingia katika uwanja wa maonyesho ya kimataifa ya teknolojia kwa mlango wa mizigo. Ndiye aliyefufua mitambo iliyoharibika safarini. Ndiye aliyepigilia ukutani picha za historia ya maonyesho hayo: jumba la kioo, mnara wa chuma, taa za umeme zilizowaduwaza watu wa enzi zile. Katika kila picha walisimama waungwana wenye kofia ndefu. Aliyekaza boliti hakuonekana hata kivuli.

Safari hii alikuwa na haja yake. Miaka miwili nyuma alipeleka kwenye chuo cha ufundi kinachoshiriki maonyesho hayo pampu ya maji aliyoibuni, ya kukanyaga kwa mguu, ili ipimwe na kuonyeshwa kwa jina lake. Mkurugenzi wa chuo akamvisha kilemba cha ukoka, kisha akamtumia salamu kwamba imeshindwa majaribio. Asubuhi ya ufunguzi Spana aliikuta jukwaani, imepakwa rangi ya fedha, na kibao juu yake: "Ubunifu wa Mkurugenzi na Watafiti Wake."

Wageni walipofika, pampu ikakwama. Watafiti watatu wenye suti waliing'ang'ania nati ya gurudumu, wakaizungusha kushoto kama ifunguliwavyo nati yoyote, nayo ikazidi kukaza. Spana alikuwa ameikata uzi wa kinyume makusudi, ifunguke kwa kulia, mzunguko wa gurudumu usije ukailegeza. Walikuwa wameiba chombo wasijue hata kinavyofunguliwa.

"Njoo utusitiri, mzee wangu," Mkurugenzi akamnong'oneza, jasho likimchuruzika.

"Kwanza jina langu liandikwe pale kwenye kibao."

"Tutayaongea baadaye."

"Hiyo baadaye yako naijua, bosi. Imetimiza miaka miwili."

"Kwa hiyo unataka nikupigie magoti mbele za watu?"

"Kalamu inatosha."

Mkurugenzi alijipapasa mifuko, akajifanya hana. Hapo ndipo Spana angegeuka aende zake. Lakini mgeni mmoja akakanyaga pedali, pampu ikatoa mkwaruzo wa chuma kinacholiwa, na sauti ile ikamchoma. Mikono ikamsaliti. Akazungusha nati kulia, mara moja, ikaachia. Akatoa ganda la rangi ya fedha lililoziba vali, akafunga. Maji yakaruka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na Mkurugenzi akainama kuyapokea.

Nyumbani mkewe alimngoja mlangoni.

"Enhe, baba watoto, wamekutaja?"

"Wamenitaja kwa kipaza sauti, ukumbi mzima ukasikia: fundi wa ovaroli ya buluu aondoe toroli lake njiani, wageni wanapita."

Mkewe akaangua kicheko, kisha akaona anacheka peke yake.

"Na ile nati yako ya kinyume?"

"Nimeikaza mpaka mwisho. Ikikwama tena, watanitafuta."

"Na utakwenda?"

Spana aliitazama mikono yake. "Iulize hii."