Honi Iliyokoroma Kama Beberu

Wajukuu zangu, na wewe mwanangu unayesoma haya, weka simu pembeni kidogo. Nasikia mnataka kung'oa honi ya gari la babu yenu mfunge ya muziki, kwa kuwa imekauka sauti. Siku kama hiyo naikumbuka.

Nilikuwa mke mgeni hapa Isansa, mimba ya kwanza. Wakati huo gari hilo lilikuwa bado la baba mkwe, na ndilo lililobeba wagonjwa wa kitongoji. Huku juu mlimani kwetu halikuweza kupanda. Lilisimama barabarani, likapiga honi, ndipo mgonjwa akateremshwa kwa machela. Honi yake ilikoroma kama beberu mzee, hata watoto waliijua.

Basi ikanyamaza. Shemeji yangu Yohana, aliyekuwa dereva, hakuifungua hata kuitazama. Alikwenda Tunduma akarudi na honi ya lori, akaifunga, asimwambie mtu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Uchungu uliponishika, mtu alitumwa kwa baiskeli kumwita, na Yohana akamtangulia kurudi kwa gari, akasimama barabarani. Akapiga honi, akapiga tena. Huku juu wanawake wamenishika mikono, wananiambia nivumilie, hayo ni malori yanakwenda mpakani, gari letu laja. Tukangoja. Naye chini anatungoja. Alipochoka akapanda kwa miguu, ndipo tukateremka mbio. Hatukufika. Baba yenu alizaliwa kwenye mibuni, nami nikavuja damu hadi nikazimia. Nilizindukia hospitali.

Yohana alijitetea, "Mama, honi hii inasikika mpaka Zambia."

Mama mkwe akamuuliza, "Zambia tuna mgonjwa?"

Niliporudi nyumbani nikamkuta Yohana na baba yake wameifungua ile ya zamani juu ya gunia. Haikuwa imekufa. Kutu ilikula pale waya unaposhika bodi ya gari, na platini, vile vyuma vinavyogusana ndani kupitisha umeme, zilijaa uchafu. Walisugua kwa msasa, wakakaza waya, wakazungusha skrubu ya sauti kidogo kidogo, beberu akakoroma. Jirani wa ng'ambo ya bonde akatoka kuuliza nani anaumwa.

Mwanangu, kilichonyamaza si lazima kimekufa. Kifungue kwanza ukitazame. Na kitu wanachokitegemea watu usikibadili kimyakimya. Mungu awape mikono yenye subira, na siku mtakapoita, muitikiwe.

Nyumbani kwangu nimeshasema: honi ile haing'olewi. Jumamosi ifunguliwe, isafishwe, irudishwe mahali pake. Anayetaka muziki anunue redio.