Jina Alilolikubali Mwanangu

Mwanangu alikuwa na wiki chache tu alipokataa titi. Hospitalini walimpima, wakasema hana homa wala kidonda mdomoni, nikajaribu tena nyumbani. Nilijaribu mpaka nikalia kuliko yeye. Utosi wake ulianza kubonyea, na aliyewahi kulea anajua maana yake.

Bibi yangu akaletwa kwa bodaboda. Alihamia Ufipa na ng'ombe wake kutoka Usukumani, mama yangu akiwa mdogo, na baridi ya huku hakuwahi kuizoea. Hakusubiri nimalize shikamoo.

"Mmempa jina la nani?"

Nikamtajia la ubatizo, la mtakatifu.

"Huyo simjui. Mtoto anamdai marehemu wa kwao. Akiitwa jina lake, atanyonya."

Mama mkwe wangu, Mfipa asiyeachana na rozari, alinuna, lakini alipoombwa unga wa ulezi alitoa. Bibi akaukoroga na maji kwenye kata ya kibuyu, akaketi mlangoni na kuanza kuwaita wafu wetu. Kila jina, anamnyunyizia mtoto kifuani, nami naweka titi. Mtoto anageuza uso.

Alimwita mama yake, shangazi zake, na watu ambao sijawahi kuwasikia. Baada ya kila jina alinyamaza, kichwa kimeelekea njiani, akisikiliza kama mgeni ameingia. Upepo uliokuwa ukipiga bati tangu asubuhi ulitulia. Niliogopa sana, mchana kweupe.

"Hawaji," alisema. "Makaburi yao yako mbali. Huku hatujazika mtu."

Alitazama ndani ya kata. Yalibaki matone. Akanyunyiza, akataja jina lake mwenyewe.

Mtoto akafungua mdomo, akanyonya. Alinyonya kwa nguvu hadi nikaumia, macho yake yakimwangalia bibi.

"Bibi, taja lingine! Hayo si ni majina ya waliokufa?"

"Mwache ashibe."

Alikuwa anavua bangili yake ya shaba, ametulia kabisa. Mwanangu alikuwa anapona mikononi mwangu, na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani ateme.

Bibi akaiweka bangili juu ya kanga ya mtoto. Kisha akamgeukia mama mkwe, akamuuliza kwa adabu kama udongo wa kule kwenye mikaratusi huwa mgumu kuchimba.