Kiganja cha Baba na Paipu ya Trekta

Harufu ya mafuta ya haidroli si kali. Haikuvamii puani kama petroli. Ni nzito, ina utamu wa mbali wa kitu kilichopashwa moto, na huwa siikumbuki mpaka inikute. Juma lililopita ilinikuta mjini, lori lilipokuwa likibinua kokoto karibu na duka ninaponunua mkate, na nikajikuta nimeuficha mkono wa kulia kwapani, mimi mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni. Mwenye duka akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana. Wewe, mwenzangu, nitakuambia zaidi ya nilivyomwambia yeye. Ni habari ya mkono wa baba yangu, na ya maneno machache niliyopewa nimfikishie.

Tulikaa Golbanti, lakini Baba alikuwa mtu wa Ozi, kijiji cha mtoni, na fundi wa mitumbwi. Mtumbwi ukivuja, wengine huutia maji ndani na kuchungulia yanapotokea. Baba hakufanya hivyo. Aliinama, akafumba macho, akapitisha kiganja taratibu juu ya mti kama anayempapasa mgonjwa, na mahali alipokisimamisha ndipo palipokuwa na ufa. "Jicho huona maji yakishaingia," alikuwa akituambia. "Kiganja huyaona yakiwa njiani." Watoto wake wote tulifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma, na tulijivunia hilo kuliko tulivyojivunia shule.

Kisha ikaja trekta. Ilikuwa ndogo, ya mitumba, rangi ya chungwa iliyopauka, imeandikwa Kijapani ubavuni, na Baba na Ami Komora, ndugu yake mdogo, waliinunua kwa shirika. Ililima vizuri, ila nyuma ilikuwa na mikono ya kuinulia jembe tu. Hapakuwa na pa kuchomeka paipu ya yale mafuta ya haidroli, yanayoinua vitu kwa msukumo, na Baba alitaka tela linalojibinua lenyewe, apate kumwaga mchanga na mpunga bila watu kuvunjika viuno kwa sepetu. Ndipo akaitwa Fundi Guyo kutoka Garsen. Alikuwa Muorma mrefu, mpole, aliyeacha ng'ombe za babake akafuata injini, jambo ambalo ndugu zake walimtania nalo hadi mvi zikamwota.

Alifanya kazi siku mbili uani kwetu. Alifunga vali yenye kishikio kando ya kiti, akavuta paipu mbili za mpira mweusi chini ya trekta hadi nyuma, akazimalizia kwa vichwa viwili vya chuma vya kuchomekea. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa mdadisi kupita kiasi. Nilimshikia spana, nikamfutia vumbi vichwa vile kwa kitambaa, maana alisema punje moja ya mchanga ikiingia inaua pampu.

Siku ya pili, kazi ilipokwisha, Baba aliingia ndani kuvaa shati la kupokelea watu. Guyo akaniita. Alikuwa ameshika kipande cha boksi la katoni.

"Wewe mama, sikia," akasema. "Hii mafuta iko na presha mingi. Siku moja paipu itatoboka, tundu ndogo kama sindano, wewe haoni. Mkono hapana weka. Hata kidogo. Chukua boksi, pitisha hapa, boksi ikilowa basi tundu iko hapo. Ambia baba."

Nikamwambia nimesikia. Na nilisikia kweli.

Sikumwambia Baba, na nakuomba usinisaidie kwa kusema nilisahau. Sikusahau. Alitoka na shati lake jeupe, majirani wamejaa, akavuta kishikio na tela lake jipya likainuka lenyewe taratibu kama ngamia anayesimama. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi akasema sasa limebaki kufundishwa kupika. Ningeanzaje kumwambia mtu yule, mbele ya watu wale, kwamba tundu hutafutwa kwa boksi? Mtu asiyetaka kuchekwa hamfundishi samaki kuogelea. Nikajiambia nitamwambia kesho, na kesho nikajiambia vilevile, mpaka nikaacha kujiambia.

Baada ya miezi michache nikaanza kuisikia ile harufu. Tela lilikuwa likifika katikati na kusita, halafu likiendelea. Chini ya trekta vumbi lilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sahani, na kila asubuhi nilikwenda kulitazama kabla ya chai. Lilikuwa likikua. Kuku walilizunguka, hawakulikanyaga. Nilikuwa natembea na hofu ambayo sikuweza kumwonyesha mtu, kwa kuwa ningeulizwa ninaogopa nini.

Ilikuwa Jumamosi, jua la saa nne. Tela limejaa mchanga, Ami Komora yuko kitini, amevuta kishikio na kukishikilia, injini inanguruma, na tela limegoma kupanda. Baba akazunguka nyuma. Nilimwona akiinama. Nilimwona akifumba macho. Kiganja chake cha kulia kikaanza kutembea juu ya paipu, taratibu, kama juu ya mti wa mtumbwi, na mimi nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nikimtazama.

"Ah!" akasema, akavuta mkono. Kisha akacheka. "Nimelipata. Limeniuma kama siafu."

Tukamwangalia. Palikuwa na kitone kimoja chini ya kidole cha shahada, wala damu haikutiririka. Mama akataka aende zahanati, Baba akamuuliza akaonyeshe nini huko. Nilifurahi, Mungu anajua nilivyofurahi. Niliona lile jambo nililoliogopa miezi yote limekuja, nalo lilikuwa dogo hivyo. Akala wali kwa mkono uleule. Alasiri vidole vikawa baridi na vizito. Alfajiri kiganja kilikuwa kimevimba na kung'aa, rangi ya biringanya, na yeye alikuwa akiuma shuka asipige kelele.

Tulimfikisha hospitali ya Malindi siku hiyo mchana. Daktari alituambia mafuta yalipigwa ndani ya nyama kama sindano ya dawa, na kwamba angekuja saa ileile huenda wangeyasafisha. Walikata vidole vitatu na nusu ya kiganja. Nje ya wodi Ami Komora aligeuka akaniuliza, "Wewe ndiye uliyekuwa ukimfuatafuata yule fundi. Hakusema lolote juu ya hatari hii?"

"Hakusema," nikajibu.

Guyo alikuja kumjulia hali Baba aliporudi nyumbani. Alileta kibuyu cha maziwa. Baba alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, amegeukia ukuta. Ami Komora hakumpa fundi kiti. Akamwambia amemlemaza ndugu yake kwa kunyamaza. Guyo akashangaa, kisha akanitafuta kwa macho.

"Wewe mama, ile siku mimi alisema kitu, ama alinyamaza?"

Nilitazama miguu yangu. Ami Komora akasema mtoto ameshajibu.

"Basi," akasema Guyo polepole. "Mtoto hasemi uongo." Akaweka kibuyu chini, akaenda zake. Maziwa yale hayakunywewa na mtu.

Habari ikafika Garsen kabla yake. Kila mwenye trekta aliambiwa fundi yule hutega watu. Mwaka haukuisha akafunga banda lake, akahamia Hola.

Idd iliyopita nilikwenda nyumbani nikakaa na Baba uani, na nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio au laana.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu alipokuwa akikuambia. Dirisha lilikuwa wazi. Nikajisema, huyu ni mtu wa ng'ombe, atanifundisha mimi habari za matundu?"

"Mbona hukusema walipomfukuza?"

"Ulikuwa umeshasema wewe."

Hayo ndiyo niliyoyaelewa nikiwa nimechelewa. Uongo wa mtoto wa miaka kumi una miguu mifupi, haufiki jioni. Wangu ulifika Garsen na Hola kwa sababu mtu mzima aliyekuwa akiona haya aliukuta umesimama, akauegemea. Nilimpenda baba yangu kabla ya siku hiyo na nampenda bado, lakini nilimkasirikia, na nilijikasirikia mimi pamoja naye.

Nikamwambia tutafute namba ya Guyo. Akasema anayo, ameiweka miaka yote. Akanipa simu niibonyeze. Ikaita, ikapokelewa, sauti ya mzee ikasema haloo, kisha ikasema tena haloo. Nilimtazama Baba, Baba akanitazama, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze.